Nyumbani, wodi ya mkoa, Mirembe au kwa mganga: ndugu mwenye ugonjwa wa akili atibiwe wapi?

Familia nyingi zinazofika mapokezi usiku zimeshabishana njiani. Mjomba anataka mgonjwa apelekwe Mirembe moja kwa moja. Mama mzazi anasema mwanawe apewe dawa arudi nyumbani. Shangazi ameshampigia simu sheikh, au mchungaji, au mtaalamu wa tiba asili wa kule kijijini. Mgonjwa mwenyewe amekaa katikati yao, mikono imefungwa kwa khanga, na hakuna aliyemuuliza lolote.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, Tanzania Bara, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hilo: tumpeleke wapi? Jibu halifanani kwa kila nyumba. Kwa wengi wetu njia ni nne: kumtunza nyumbani huku akihudhuria kliniki, kumlaza kwenye wodi ya hospitali ya rufaa ya mkoa au kanda, kumpeleka hospitali maalumu kama Mirembe au Lutindi, au kumpeleka kwa mganga, sheikh au kituo cha maombi. Nitazipima zote kwa vigezo vilevile.

Kwanza kabisa, hakikisheni kwamba mnachokiona ni ugonjwa wa akili kweli. Mtu aliyekuwa mzima juzi, leo anaweweseka, ana homa, hatambui watu, huenda ana malaria kali au maambukizi ya ubongo. Sukari ikishuka au kupanda sana humfanya mtu aongee ovyo. Mlevi wa siku nyingi aliyeacha pombe ghafla huweza kuona vitu visivyokuwepo, na akiachwa bila tiba anaweza kufa. Hawa wote waende hospitali ya kawaida, tena haraka. Mjadala wa wapi atibiwe akili husubiri.

## Vigezo vitatu

Sheria. Nani ana mamlaka ya kuamua, na mgonjwa anabaki na haki gani? Tunaongozwa na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni. Mgonjwa anaweza kuingia wodini kwa ridhaa yake mwenyewe, kwa maombi ya ndugu au mamlaka yakiambatana na uchunguzi wa kitabibu, au kwa amri ya mahakama. Milango hii si sawa, na ndugu mna haki ya kuuliza mgonjwa wenu ameingia kwa upi.

Mila na imani. Je, mahali hapo wataheshimu lugha yake, dini yake, jinsia yake, umri wake na namna familia inavyouelewa ugonjwa huu?

Uhusiano. Nani atamjua mgonjwa huyu baada ya miezi sita? Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito mkubwa kuliko vyote. Skizofrenia (ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyo ya kweli) na maradhi ya hisia kupanda na kushuka ni ya miaka. Haloperidol, dawa ya kutuliza maradhi ya namna hii, ya Mirembe kule Dodoma ni ileile ya zahanati ya kata. Kinachotofautiana ni kama yupo mtu atakayegundua kwamba mgonjwa ameacha kulala, na kama mgonjwa anamwamini mtu huyo. Gharama na umbali nimeviweka humu humu, maana nauli ndiyo huamua kama ndugu watarudi kumtazama.

## 1. Nyumbani na kliniki

Kisheria. Hapa mgonjwa anabaki na uamuzi wake. Yeye ndiye anayekubali dawa, na yeye ndiye anayeruhusu muuguzi aongee na kaka yake. Ndugu wengi hudhani cheti cha ugonjwa kimewapa mamlaka juu yake. Hakijawapa. Kumfungia mtu chumbani au kumfunga kamba kwenye mwembe ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu hata kama nia ni njema, na kuandikwa kwenye daftari la kliniki hakumwondolei mtu shamba lake, akaunti yake wala sauti yake kwenye kikao cha ukoo. Mali ya mgonjwa ikihitaji msimamizi, mahakama ndiyo humteua. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona viwanja vikiuzwa wakati mwenyewe yuko wodini, na wauzaji wakisema "yule si mgonjwa wa akili yule?"

Ndoa nayo. Si mara moja mke akiugua hufungashiwa vyombo akarudishwa kwao, na ukoo ukahesabu kwamba ndoa imekwisha. Sheria ya Ndoa ya 1971 haisemi hivyo. Ugonjwa wa akili unaweza kutajwa mahakamani kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika, lakini pale tu madaktari wasiopungua wawili, mmoja wao akiwa mwenye ujuzi wa magonjwa ya akili, watakapothibitisha kwamba hawaoni matumaini ya kupona. Wengi wanaorudishwa kwao ni wagonjwa ambao wangetulia ndani ya wiki chache za dawa.

Kimila na kiimani. Nyumbani mtu bado ni Baba Neema, bado ni mjukuu wa fulani, bado anaitwa kula. Hilo ni jambo kubwa. Kwa upande mwingine, nyumba nyingi huficha. Mgonjwa hufungiwa wageni wakija, majirani huambiwa amesafiri, na kliniki huendewa ya wilaya nyingine ili tusionekane. Siri hiyo humgharimu mgonjwa, maana siku hali ikiharibika hakuna jirani anayejua aanzie wapi.

Kiuhusiano. Mambo mawili huharibu uhusiano nyumbani kuliko mengine yote, na yote mawili huanza kwa upendo.

La kwanza ni kumwekea dawa kwa siri kwenye uji au chai. Fikiria kijana anayeamini kwamba ndugu zake wanataka kumwekea sumu. Siku anakuta chembe ya kidonge chini ya kikombe, amepata ushahidi. Kuanzia hapo hakatai dawa tu, anakataa na chakula cha mama yake. Ikiwa hataki vidonge kabisa, njooni tuongelee sindano ya mwezi, ile inayochomwa mara moja ikakaa mwilini wiki kadhaa. Itajadiliwa mbele yake, kwa jina lake, na yeye ndiye atachagua mkono au paja.

La pili ni kutoelezwa madhara ya dawa. Mgonjwa ameanza haloperidol, anatulia, familia inashukuru Mungu. Siku ya pili au ya tatu shingo inajipinda upande, macho yanapanda juu na kubaki huko, taya linakaza, ulimi unatoka. Nani nyumbani ataona hivyo asiseme jini limerudi kwa hasira? Dawa zinatupwa, safari ya kwa mganga inaanza. Kumbe ni misuli imekakamaa kwa sababu ya dawa, jambo linalojulikana vizuri, hasa kwa vijana wa kiume, na hutulizwa mara nyingi ndani ya saa moja kwa benzhexol au dawa ya aina hiyo. Muuguzi yeyote anayemkabidhi ndugu haloperidol bila kumwonyesha kwa shingo yake mwenyewe jinsi hali hiyo inavyofanana hajamaliza kazi yake. Ndugu, ulizeni hata kama hamkuambiwa.

Muangalieni pia mtunzaji. Karibu kila nyumba mzigo wote huwa kwa mwanamke mmoja, mama au dada, naye hapati hata siku moja ya kulala usingizi mzima. Akianguka yeye, mpango wote wa nyumbani umeanguka.

Inamfaa nani. Anayekula na kulala walau kiasi, asiyetishia uhai wake wala wa wengine, mwenye mtu wa kuaminika ndani ya nyumba kila siku, na kliniki ambayo nauli yake familia inaimudu kila mwezi. Miaka ya 1980 mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ilijaribu kupeleka huduma hii hadi vituo vya chini, na leo wilaya nyingi zina walau muuguzi mmoja mwenye jukumu hilo. Mtafuteni kwa jina, mchukue na namba yake.

## 2. Wodi ya hospitali ya mkoa au ya kanda

Kisheria. Ninapopendelea kulaza, napendelea mgonjwa aingie kwa hiari. Na hiari hupatikana mara nyingi zaidi ya ndugu wanavyodhani. Mtu anayesikia sauti hatakubali kwamba ni mgonjwa, lakini anaweza kukubali kwamba hajalala usiku nne na kwamba amechoka. Tunaanzia hapo. Akisaini kwa sababu ya usingizi, amesaini, mradi ameelezwa ukweli wa anakoingia. Kumdanganya kwamba mnakwenda benki kisha mkamshusha getini kwetu ni kuharibu wiki mbili za kwanza za matibabu.

Asiporidhia na hali ni ya hatari, sheria inaruhusu alazwe bila hiari, lakini kwa maandishi, kwa uchunguzi, kwa muda, na kwa haki ya kuomba uamuzi upitiwe upya. Ombeni kuonyeshwa karatasi hizo, na mwulize tathmini inayofuata ni lini.

Kumshika au kumtenga mgonjwa kwenye chumba peke yake ni hatua ya mwisho, baada ya maneno kushindwa, tena kwa muda mfupi huku akiangaliwa. Ndugu akimkuta mgonjwa wake amefungwa kitandani, ana haki ya kuuliza tangu saa ngapi, nani aliagiza, na mara ya mwisho kupewa maji ilikuwa lini. Muuguzi mwenye kumbukumbu zake sawasawa hatachukia kuulizwa.

Kimila na kiimani. Hapa ndipo uuguzi unapojipambanua, na hapa ndipo tunapokosea kama taaluma. Mzee wa miaka 65 anaingia wodini, na ndani ya saa moja kijana wa zamu aliyezaliwa juzi anamwita kwa jina kavu: "Wewe Yohana, simama hapo!" Hakuna shikamoo. Nyumbani kwake hata mwenyekiti wa kijiji humwamkia. Kwa mgonjwa huyo, kukosa ile salamu ndiyo hukumu yenyewe kwamba amekwisha kuwa kichaa. Nimeona mzee aliyekuwa amegoma kula akanyanyua uso baada ya muuguzi kuchuchumaa mbele yake akasema, "Shikamoo mzee wangu," akanyamaza, akangoja. Ilichukua muda. "Marahaba," kisha akaomba maji. Mkitembelea wodi kabla ya kuamua, sikilizeni wauguzi wanavyowaita wazee, na mtajua mengi kuliko mtakayoambiwa ofisini.

Lugha ni jambo la pili. Mama kutoka kijijini Usukumani, akiwa amechanganyikiwa, hurudi kwenye Kisukuma cha utotoni. Muuguzi asiyekijua anaweza kuandika kwenye faili "anaongea maneno yasiyoeleweka", na maandishi hayo yakasomwa kama dalili. Kwa mgonjwa wa aina hii wodi ya kanda ya kwao, kwa mfano Bugando ya Mwanza kwa watu wa Kanda ya Ziwa, ina faida ambayo jengo zuri la mbali halina. Ikiwa ndugu anaweza kuwepo siku za mwanzo kutafsiri, aje.

Ya tatu ni imani. Kusema "nimerogwa" au "bibi yangu aliyefariki amenijia" si dalili kwa lazima. Swali ninalowauliza ndugu ni hili: je, na ninyi mnaamini hivyo, na kwa kiasi hiki hiki? Ikiwa ukoo mzima unaamini uchawi upo, lakini ni yeye tu anayesema redio inataja jina lake, nimeshajua niangalie wapi. Ndugu ndiyo wanaoijua mipaka hiyo, kwa hiyo msione haya kutuambia.

Mwezi wa Ramadhani ukifika, Waislamu wengi huacha dozi ya mchana bila kusema, wakiogopa kukemewa. Mara nyingi dawa zinaweza kupangwa upya zikaangukia futari na daku. Kwa anayetumia lithium, dawa ya hisia kupanda na kushuka, funga yenyewe ijadiliwe na daktari kwanza, kwa sababu mwili ukipungukiwa maji dawa hiyo huzidi kwenye damu. Na binti au mama anayetaka kuogeshwa na kuchomwa sindano na muuguzi wa kike aseme, wala ndugu wasione wanasumbua.

Kiuhusiano. Ubora mkubwa wa wodi ya mkoa ni kwamba ndugu wapo karibu. Wanaleta chakula, wanamwona akianza kutabasamu, wanajifunza dawa kabla ya kumpokea. Udhaifu wake ni ufinyu. Baadhi ya hospitali zina vitanda vichache tu vya akili, na zamu ya usiku muuguzi mmoja huangalia wengi. Wagonjwa hutolewa mapema kupisha wengine. Kisera matibabu ya akili yamo kwenye makundi ya msamaha, ila dawa ikikosekana stoo mtaandikiwa mkanunue famasi. Pitieni kwa ofisa ustawi wa jamii siku ya kwanza, msingoje bili.

Inamfaa nani. Aliyeshindikana nyumbani kwa sasa, anayehitaji wiki kadhaa za kutulizwa na kurekebishiwa dawa, na mwenye ndugu wanaoweza kufika. Inamfaa sana pia mzazi aliyechanganyikiwa baada ya kujifungua, maana hospitali hiyo hiyo ina watu wa kumtazama yeye na mtoto.

## 3. Hospitali maalumu: Mirembe na Lutindi

Mirembe ya Dodoma ilianza enzi za Waingereza, miaka ya 1920, na ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili. Lutindi iko Korogwe, kwenye milima ya Usambara. Ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, ikageuka hospitali ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo iko chini ya Kanisa la Kilutheri.

Kisheria. Wengi hufika hapa kwa rufaa au bila hiari yao, na wengine kwa amri ya mahakama. Isanga, sehemu ya Mirembe hapo hapo Dodoma, hupokea wenye kesi ya jinai. Mahakama ikimpeleka mshtakiwa kuchunguzwa akili, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaipa hospitali siku 42 kuandika ripoti. Ndugu wa mtu mwenye kesi waijue namba hiyo, waandike tarehe aliyopelekwa, na wafuatilie. Kwa mgonjwa asiye na kesi, bakini na nakala ya kila karatasi: rufaa, fomu ya kulazwa, mawasiliano ya muuguzi wa wodi.

Kimila na kiimani. Jina la Mirembe limegeuzwa tusi mitaani, na mgonjwa anayetoka huko hukuta limemtangulia kijijini. Huo ndio ubaya wake mkubwa, na si kosa la hospitali. Ndani mambo ni tofauti na watu wanavyodhani. Hakuna anayekushangaa. Wagonjwa wanatambuana, wauguzi wamesomea jambo hilo hilo, na chuo cha uuguzi kilichopo hapo kimetoa wengi wetu tulio mikoani. Lutindi mgonjwa anaweza kupewa kazi ya shamba au ya mikono, na kwa mwanaume aliyezoea kuhesabiwa kwa jembe lake, kushika jembe tena ni tiba ambayo kidonge hakiitoi.

Kiuhusiano. Nitasema wazi kinachoniuma. Hospitali za namna hii hubaki na watu waliopona wasio na pa kwenda. Ndugu waliandika namba ya simu isiyopatikana. Kitanda chake nyumbani kimeshapewa mtu, shamba limeshagawanywa. Umbali ndio huanzisha hayo: mara ya kwanza nauli imekosekana, mara ya pili ni msimu wa kulima, mara ya tatu watu wamezoea. Muuguzi wa huko anaweza kumjua mgonjwa vizuri mno, hata kuliko ndugu zake, lakini uhusiano huo unaishia getini siku anaporuhusiwa, na barua ya kumrudisha kwenye kliniki ya wilaya hupotea njiani mara nyingi.

Inamfaa nani. Ambaye wodi ya mkoa imejaribu ikashindwa, mwenye historia ya kudhuru watu akiugua, mwenye amri ya mahakama, na anayehitaji muda mrefu wa kujifunza upya kujitunza. Sharti moja: kabla hajaondoka nyumbani, ukoo umtaje mtu mmoja mwenye jukumu la kumfuata kumrudisha, na jina hilo liandikwe kwenye faili.

## 4. Mganga, sheikh, kituo cha maombi

Kisheria. Tiba asili si haramu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 iliunda baraza la kusajili waganga, kwa hiyo mna haki ya kuomba kuona cheti. Hakuna cheti wala upako unaoruhusu minyororo, viboko vya kumtoa jini, kunyimwa chakula au kuvutishwa moshi mpaka mtu azimie. Hayo ni makosa ya jinai popote yanapofanyika, hata kama mama mzazi aliridhia.

Kimila na kiimani. Hapa hatuwafikii, na inatupasa tukubali. Mganga huita ukoo mzima. Huuliza juu ya ugomvi wa shamba, mahari ambayo haikumaliziwa, msiba ambao haukuzikwa kwa taratibu. Daktari huuliza usingizi na hamu ya kula, kisha mgonjwa anayefuata. Kisomo cha ruqya au maombi ya kanisani humpa mtu lugha ya kueleza mateso yake bila kuitwa kichaa, na baada ya hapo jamaa humpokea kama aliyesafishwa. Upokeaji huo una thamani ya kitabibu. Sidharau hata kidogo.

Kiuhusiano. Mtaalamu mzuri wa kijijini anamjua mgonjwa tangu utoto wake na atakuwepo mwakani. Ninafanya kazi na wale wanaokubali mambo matatu: dawa za hospitali zisikatishwe, waniambie mitishamba waliyompa, na wanipigie simu mgonjwa asipokula au asipolala siku mbili. Wapo wengi wanaokubali, wakiombwa kwa heshima. Hatari ni kukatisha dawa. Mwenye kifafa akiachishwa vidonge ghafla anaweza kupata degedege mfululizo, na hiyo huua. Na wapo wanaokula mali ya familia hatua kwa hatua, kuku kwanza, kisha mbuzi, kisha ng'ombe, na ikifika hospitali hakuna hata nauli ya kurudi.

Inamfaa nani. Mwenye huzuni ya msiba, mwenye mgogoro wa kifamilia, anayetafuta kurudi kwenye jamii baada ya kutoka wodini. Kwa hao inaweza kutosha au kukamilisha. Kwa skizofrenia, kifafa na uchizi wa baada ya uzazi iwe pamoja na kliniki, isiwe badala yake.

## Kwa hali yako

Ikiwa ndiyo mara ya kwanza na hamjui ni nini, anzeni hospitali ya wilaya au ya mkoa. Mtapimiwa malaria, sukari na mengine kwanza, na mgonjwa hatapewa jina la ugonjwa kabla ya wakati.

Ikiwa anatishia kuua au ameshika panga, msimfuate wenyewe wala msiite vijana wa mtaa wampige. Piga 112, mwite na mtendaji au mwenyekiti, na mtu mmoja tu anayemwamini aongee naye kwa sauti ya chini, akiwa na njia ya kutokea nyuma yake.

Ikiwa amejaribu kujiua, familia nyingi hudanganya mapokezi kwamba alikunywa sumu ya panya kwa bahati mbaya, kwa sababu kwetu jaribio hilo bado ni kosa chini ya kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Kwetu hatujafika huko. Hata hivyo mwambieni muuguzi ukweli, na mumwambie ni sumu gani na saa ngapi. Matibabu yake yanategemea majibu hayo, na usiku wa kwanza hapaswi kuachwa peke yake hata dakika moja. Huyu alazwe, hata kama asubuhi anacheka.

Ikiwa mzazi amejifungua karibuni na anasema mtoto si wake, au anaogopa atamdhuru, mpelekeni wodini siku hiyo hiyo. Maombi yafanyike huko huko kando ya kitanda.

Ikiwa ukoo umegawanyika kati ya hospitali na mganga, msilazimishe upande mmoja ushinde. Kubalianeni kwamba dawa zitaendelea huku kisomo au maombi yakifanyika nyumbani, na mumteue mmoja wa kuandika kwenye daftari usingizi, chakula na dawa za kila siku. Daftari hilo lije kliniki.

Ikiwa mtunzaji amechoka na mgonjwa hajaharibika sana, kumlaza wiki mbili au tatu wodi ya mkoa si kumtupa. Mwambieni mgonjwa hivyo mbele ya muuguzi, na tarehe ya kuja kumtazama itajwe.

Ikiwa ameshalazwa mara kwa mara na kila akirudi huacha dawa, kabla ya kufikiria Mirembe ulizeni mambo mawili: dawa ilikuwa inamfanyaje, na nani alikuwa anampa. Mara nyingi jibu ni kutetemeka, kunenepa au kushindwa tendo la ndoa, mambo ambayo mwanaume hatayasema mbele ya dada yake. Mwombeni muuguzi aongee naye peke yake, na ikiwezekana awe wa jinsia yake. Dozi inaweza kubadilishwa, au akahamia sindano. Hayo yakishindikana, andaeni safari ya Dodoma, na mtu wa kumfuata awe ameshatajwa.